Elimu ya Jana na Amana ya Leo



Katika kijiji kimoja cha mkoa wa Singida, upande ule ambako mashamba ya alizeti hukomea kwenye majabali makubwa, nina darasa la watu wachache wanaokutana baada ya swala ya Alasiri. Baadhi yao wameingia katika Uislamu karibuni. Wengine bado wanachunguza, nao huja na maswali yao bila kificho. Siku moja, mwishoni mwa mwaka 2024, alisimama baba mmoja, mkulima wa vitunguu, mtu mpole asiyezoea kusema mbele za watu. Akaniambia: "Maalim, leo sina swali la dini. Nina swali juu yako wewe mwenyewe."

Binti yake mkubwa alikuwa amechanjwa shuleni chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Mama yake aliniuliza kama hiyo yatosha, nami nilimjibu kwa uhakika kwamba haitoshi, na kwamba ikitimia miezi sita hana budi kupata ya pili. Nilijibu hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosikia mwaka 2018, chanjo hiyo ilipoanza kutolewa nchini kote. Basi mama akampeleka binti kwenye zahanati kwa miguu, njia ndefu. Muuguzi aliyekuwapo akamwambia vile vile, kwamba dozi ya pili yahitajika, lakini arudi siku nyingine. Akarudi, asifanikiwe. Mara ya tatu akamkuta mtumishi mwingine, naye akastaajabu: "Mama, nani amekuhangaisha? Siku hizi ni dozi moja tu."

"Basi, Maalim," akasema yule baba, "wewe ulisema mbili, muuguzi akasema mbili, na huyu anasema moja. Kesho labda mtasema haina haja kabisa. Mimi ninaye binti mwingine, wa miaka tisa. Huyo sitampeleka. Watu wasiojua wanalosema sitawapa mkono wa mwanangu."

Watu wakanitazama. Sikuwa na jibu la kutosha siku ile, nikaomba nipewe muda. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwako pia, ndugu msomaji, kwani jambo hili laweza kukufika popote ulipo.

MASWALI MAWILI NDANI YA MOJA

Ukilichambua neno la baba yule utaona kwamba ameuliza maswali mawili. La kwanza: je, shauri linapobadilika, si dalili kwamba wale waliolitoa walikuwa waongo, au hawajui kitu? La pili: mtu aliyesema la jana bila kujua kwamba limekwisha kubadilika, je, ana kosa? Mimi nilikuwa mkweli moyoni mwangu; muuguzi naye alikuwa mkweli. Hata hivyo mama mmoja alitembea njia ndefu bure, na msichana mmoja mdogo amekosa kinga. Je, ukweli wa moyo watosha kumwondolea mtu lawama?

JE, KUBADILIKA NI UONGO?

Yatupasa kwanza kutofautisha lengo na njia. Lengo la kulinda uhai ni la daima. Halikubadilika tangu zama za Adam. Lakini njia za kuulinda hujulikana kidogo kidogo, kwa uchunguzi na majaribio. Mkulima wa Singida anaelewa jambo hili kuliko wengi. Wajibu wake wa kulisha watoto haubadiliki kamwe. Lakini aonapo mvua zimepungua, huacha mahindi akapanda mtama au uwele, wala hapana amwitaye mwongo kwa sababu hiyo.

Tena imepokewa kwamba Mtume Mtukufu (s.a.w.) alipofika Madina aliwaona watu wakipandikiza mbelewele za mitende ya kiume katika mitende ya kike. Akatoa rai yake kwamba pengine haina faida. Wale kwa heshima yao wakaacha, na mwaka ule tende zikapungua. Alipoarifiwa hakutafuta hoja ya kujitetea. Aliwaeleza kwamba ile ilikuwa rai yake tu, na kwamba mambo kama hayo ya dunia wao wenyewe wana ujuzi nayo zaidi. Tafakari hapo, msomaji. Mtu ambaye wafuasi wake walikuwa tayari kufa kwa neno lake moja, hakuona aibu kuacha rai pale matokeo yalipoonyesha vingine. Basi mtaalamu wa leo ataona aibu gani?

Sasa tuyatazame mabadiliko yenyewe, tuone kama ni ya kipuuzi au yana sababu.

Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianzishwa nchini Tanzania mwaka 1975. Siku zile orodha ilikuwa fupi: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Mwaka 2002 ikaongezwa chanjo ya homa ya ini aina ya B. Mwaka 2009 kinga ya vijidudu vingine viletavyo nimonia na homa ya uti wa mgongo ikaunganishwa nayo, zikawa kinga tano katika sindano moja. Mwaka 2013 zikaingia chanjo ya nimonia na ile ya kuhara. Mwaka 2014 rubela ikaunganishwa na surua, na mtoto akaanza kupewa dozi mbili za surua badala ya moja. Mwaka 2018 ikaja ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana, na ya polio ya sindano.

Angalia hilo la surua. Muuguzi aliyehitimu mwaka 1990 alifundishwa kwamba mtoto akichanjwa surua katika mwezi wa tisa amemaliza, na alimwambia hivyo kila mama kwa miaka zaidi ya ishirini. Neno lake lilikuwa sahihi kwa agizo la wakati ule. Lakini ilijulikana kwamba katika kila watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi tisa, takriban 15 hawapati kinga, kwa kuwa mabaki ya kinga ya mama yaliyomo mwilini mwao huizuia chanjo isifanye kazi yake. Watoto hao hubaki wazi huku wazazi wao wakijua kwamba wamekingwa. Ndiyo maana ikawekwa dozi ya pili katika mwezi wa kumi na nane. Leo muuguzi yule akisema "amemaliza" mtoto akiwa na miezi tisa, neno lile lile lililokuwa la kweli limekuwa la hatari. Muuguzi hakubadilika, na sauti yake ni ile ile ya upole. Agizo limebadilika naye amebaki nyuma.

Kuhusu chanjo aliyoulizia baba yule, historia yake ni hii. Mwanzoni ilitolewa dozi tatu. Mwaka 2014 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliona kwamba kwa wasichana walio chini ya miaka 15 mbili zatosha. Mwaka 2022 wakaona kwamba hata moja yatosha. Na ushahidi huo ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka Mwanza, si mbali nasi, ambako wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa katika makundi ya dozi moja, mbili na tatu, kwa idhini ya wazazi, na damu yao ikapimwa kuona nguvu ya kinga. Sehemu nyingine ilitoka Kenya, ambako wanawake vijana 2,275 walishiriki, na dozi moja ikaonekana kuwakinga vyema. Ndipo mwaka 2024 nchi yetu ikaacha dozi mbili na kutoa moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Maana yake ni nini? Ni kwamba chanjo iliyokuwa ikimtosha msichana mmoja sasa yawatosha wawili, na mama ametolewa mzigo wa safari ya pili. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko nyingine zote. Mabadiliko haya ni rehema. Lakini kwa sababu hayakutufikia mimi na yule muuguzi, yakageuka kuwa fitina katika nyumba ya mkulima mmoja.

Huenda mtu akasema: "Lakini wataalamu nao hukosea hata wanapobadilisha." Naam, hukosea, na si haki kulificha hilo. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba kirusi cha polio cha asili cha aina ya 2 kimetoweka duniani. Kwa kuwa matone ya zamani yalibeba virusi vilivyodhoofishwa vya aina hiyo, navyo kwa nadra viliweza kugeuka na kuleta ugonjwa, nchi zote zilizoyatumia, zaidi ya 150, Tanzania ikiwa mojawapo, ziliyaondoa katika majuma mawili tu, baina ya tarehe 17 Aprili na 1 Mei 2016. Shauri lilikuwa na hoja nzuri. Lakini miaka iliyofuata milipuko ya aina ile ya 2 ilizidi kuliko ilivyotazamiwa, na mwaka 2023 ikaonekana hata Rukwa, ikabidi watoto wa mikoa kadhaa wachanjwe tena. Wataalamu waliochunguza walikiri waziwazi kwamba matarajio yao hayakutimia. Mimi naona ukiri huo unawaongezea heshima. Mwongo hufuta nyayo zake, lakini hawa waliandika makosa yao ili wengine wayasome.

WAKATI MWINGINE AGIZO HUFA KWA KUFAULU

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalitafakari. Wazee wengi wa Singida waliozaliwa kabla ya miaka ya sabini wana kovu la chanjo ya ndui mkononi. Kijana wa leo hana. Kovu alilo nalo begani ni la chanjo ya kifua kikuu. Kwa nini? Je, walimu wa zamani walikosea kuwachanja babu zetu? Hasha! Walifaulu mno hata shauri lao likawa halina kazi tena. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kwamba ndui imetoweka, na agizo la kuchanja kila mtu likageuka kuwa agizo la kutochanja. Mtu ambaye angeendelea kuwachanja watoto ndui kwa sababu tu ndivyo alivyofundishwa, angekuwa anawaletea maumivu yasiyo na faida.

Na mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa nani? Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, nchini Somalia, mnamo Oktoba 1977. Aliingia katika gari lililobeba watoto wawili wenye ndui ili amwonyeshe dereva njia; safari ya dakika chache tu. Hakuwa amechanjwa sawasawa, ingawa alikuwa mtumishi wa hospitali na alikuwa amewahi kufanya kazi katika kampeni hiyo hiyo ya kuitokomeza ndui. Alieleza baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Wahenga wetu walisema, mganga hajigangi. Ilibidi zaidi ya watu 54,000 wa mji ule na viunga vyake wachanjwe mbio mbio, kwa sababu ya mmoja aliyeijua habari lakini hakuitendea kazi. Mwenyezi Mungu alimponya, wala hakuna aliyeambukizwa naye. Na Maalin aliutumia umri wake uliobaki kwa toba ya vitendo: alikwenda kwa wazazi wa Somalia waliosita kuwapa watoto matone ya polio, akawasimulia kosa lake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo.

Kumbukeni hapo kwamba kilichowalainisha wazazi wale ni mtu aliyesema: "Mimi nilikosea."

JE, KUTOJUA NI UDHURU?

Sasa twende kwenye swali la pili, ambalo ndilo zito. Mtu aliyetenda kwa elimu ya jana, moyo wake ukiwa safi, je, ana lawama?

Mwaka 2017, katika eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, ilifanyika kampeni ya chanjo ya surua. Chanjo yenyewe ilikuwa nzima. Chanjo hiyo huja ikiwa unga. Huchanganywa na maji yake maalumu, na ikishachanganywa haina budi kukaa kwenye baridi na kutupwa baada ya saa sita, kwa maana vijidudu hukua ndani yake. Katika kijiji kimoja wachanjaji hawakuwa na sifa wala mafunzo. Walitumia bomba moja la kuchanganyia kwa siku nne, na chanjo ikakaa nje ya baridi siku zote hizo. Watoto 15 walifariki dunia, na wengine 32 wakaugua. Hapana shaka wale wachanjaji walitoka nyumbani kwao wakidhani wanakwenda kuokoa watoto.

Tazama basi jinsi elimu ndogo inavyopima uhai. Kichupa cha matone ya polio kilichokwisha funguliwa chaweza kutumika hadi siku 28, kikiwa kimetunzwa kwenye baridi baina ya nyuzi 2 na 8 na masharti mengine yametimizwa. Lakini kichupa cha surua kilichochanganywa ni saa sita tu. Na zamani agizo lilikuwa vichupa vyote vilivyofunguliwa vitupwe mwisho wa siku. Mtu ashikaye agizo la zamani kwa vyote atatupa dawa njema bure; na mtu alisikiaye jipya nusu nusu, akadhani siku 28 ni za vyote, ataua. Kadhalika kwenye kichupa kuna alama ya mraba ndani ya duara: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo yafaa, ukilingana nalo au ukizidi kuwa mweusi, haifai tena. Nani atajua hayo ila aliyefundishwa, na akakumbushwa?

Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mtu ajitiaye kutibu naye hajulikani kuwa na ujuzi wa utabibu, ndiye atakayebeba dhamana ya madhara. Nami naelewa kutokana na fundisho hilo kwamba nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kujua. Hata hivyo uadilifu wataka tutofautishe, kwani wasiojua si wa namna moja.

Yuko asiyejua kwa sababu hakuna aliyemfikishia habari, wala hakuwa na njia ya kuitafuta. Huyu hana lawama. Lawama ni ya aliyekuwa na habari akaikalia. Yuko asiyejua kwa sababu ya uvivu: waraka ulifika, ukakunjwa ukatiwa mtotoni mwa meza. Huyu ana lawama. Na yuko wa tatu, ambaye ni hatari zaidi: hajui, lakini husema kama ajuaye. Huyo wa tatu, ndugu msomaji, nilikuwa mimi. Kosa langu halikuwa kutojua agizo la mwaka 2024. Mimi si tabibu. Kosa langu lilikuwa kwamba niliulizwa jambo lisilo fani yangu, nami, kwa kuwa nimezoea kuulizwa na kujibu, nikajibu. Maneno mawili tu, "sijui, kaulize," yangemwokoa mama yule na safari zake.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, nilikuwa na mwalimu mzee ambaye alifundisha somo lile lile kwa miaka zaidi ya thelathini. Kila usiku taa yake ilikuwa ikiwaka, akisoma somo la kesho yake. Mmoja wetu alimwuliza: "Ustadhi, si unalijua kwa moyo?" Akajibu: "Nililijua jana, kwa wanafunzi wa jana." Siku zile tulicheka. Sasa nina umri wa miaka arobaini na zaidi, nami nalielewa neno lake. Na tukumbuke kwamba hata Mtume (s.a.w.), aliyepewa elimu kutoka juu, alifundishwa kuomba kuzidishiwa elimu.

MUUGUZI ALIYE PEKE YAKE

Lakini ni rahisi mno kumlaumu muuguzi wa kijijini, nasi tusiende njia hiyo rahisi. Mfikirie yeye. Yuko peke yake, au na mwenzake mmoja. Huyo huyo huzalisha, hufunga vidonda, hupima watoto uzito, hujaza daftari, hutazama kipimajoto cha jokofu asubuhi na jioni. Siku ya huduma ya mkoba hupakia sanduku la baridi kwenye pikipiki, akaenda vijiji vya mbali. Mkoa wetu ni mpana: kuna vichaka vya Itigi ambako njia hupotea, kuna Wataturu wahamao na ng'ombe wao, kuna Wahadzabe wa Mkalama waishio kwa kuwinda na asali. Mtu huyo anaporudi usiku, ni nani atakayemwambia kwamba agizo la chanjo fulani limebadilika?

Agizo hutoka Wizara ya Afya mjini Dodoma, likaja mkoani, likashuka wilayani kwa mratibu wa chanjo, na mwisho lifike zahanati. Ni kama maji ya mfereji: wa juu wakiacha matundu, bustani ya mwisho hukauka, na si haki kumgombeza mwenye bustani. Kwa hiyo naona kwamba wenye mamlaka wana wajibu mkubwa kuliko wa muuguzi. Agizo ambalo halijafika kwa mshika sindano bado halijatolewa, hata kama limetiwa sahihi na kupigwa muhuri.

Si lazima iwe gharama kubwa. Mmoja akienda semina, akirudi awafundishe wenzake waliobaki, tena siku ile ile, kabla hajasahau. Kila tangazo la ukutani liandikwe tarehe, na la zamani libanduliwe siku jipya linapobandikwa, maana ukuta wenye matangazo mawili yanayopingana ni mwalimu mwenye ndimi mbili. Mtumishi afikapo wilayani kuchukua chanjo za mwezi, aulize: "Kuna lililobadilika?" Na mkubwa wake aulizwapo asikasirike. Tena pamoja na agizo jipya itolewe na sababu yake, kwani mtu aliyepewa agizo bila sababu hawezi kumjibu mama anayeuliza kwa nini.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya watoto tu. Mama mjamzito hupewa chanjo ya pepopunda kwa hesabu yake maalumu, na asiyetunza kadi huanzishwa upya bure. Msafiri aliyechanjwa homa ya manjano alikuwa akiambiwa arudie baada ya miaka 10. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Mwenye kwenda Hija hana budi kuchanjwa homa ya uti wa mgongo si chini ya siku 10 kabla hajafika. Na katika UVIKO-19 sote tulishuhudia: mwanzoni mwa mwaka 2021 nchi yetu haikuwa na mpango wa kuleta chanjo, tarehe 28 Julai mwaka ule ule Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, baadhi ya chanjo zikawa za dozi moja, nyingine mbili, na watumishi wa afya, wazee na wenye maradhi sugu wakatangulizwa. Mtumishi ambaye hakufundishwa sababu za mageuzi hayo angewajibu nini watu waliomzunguka kwa maswali?

WAJIBU WETU SISI

Je, sisi tusio wauguzi hatuna sehemu? Tunayo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mzazi amwulize mchanjaji kwa adabu: "Hii ni ya ugonjwa gani? Nirudi lini? Je, agizo hili bado ni hilo?" Kadi ya mtoto itunzwe kama hati ya shamba. Na mtumishi akisema, "Ngoja nihakikishe," tusimcheke wala tusinong'one kwamba hajui kazi. Huyo ndiye wa kuaminiwa. Watu wakimcheka mwenye kuuliza, kesho ataona heri kubahatisha.

Nasi tunaosimama mbele za watu, maimamu, walimu, wazee wa jumuiya, tujue kwamba neno letu lasadikiwa kuliko tunavyostahili. Habari ya afya tuliyoisikia miaka sita iliyopita si elimu mpaka tumeihakikisha leo. Uaminifu ambao watu wametupa katika mambo ya dini ni amana; tusiutumie kupitisha mambo tusiyoyajua.

Nawe unayechunguza dini, ambaye labda hubabaishwa na mtu anayebadilisha neno, nakupa kipimo hiki: usimpime mtu kwa kutobadilika kwake, kwani hata jiwe halibadiliki. Mpime kwa kuuliza, amebadilika kwa ajili ya nini? Akibadilika kwa hongo, kwa hofu, au kumpendeza mkubwa, jitenge naye. Akibadilika kwa sababu ukweli umemdhihirikia, tena akakueleza sababu na kukiri la zamani, huyo mshike.

Nilirudi katika darasa langu, nikasimama mahali pale pale aliposimama yule baba, nikasema mbele ya watu wote: "Nilimwambia mama wa nyumba yako jambo ambalo halikuwa sahihi. Yule aliyesema dozi moja ndiye aliyesema kweli. Mimi ndiye niliyebaki nyuma." Kisha nikaeleza habari za Mwanza na Kenya kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza maswali mawili, moja nikalijibu, na la pili nikamwambia sijui, tutamwuliza muuguzi pamoja. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake shambani.

Mpaka ninapoandika haya, binti yule mdogo bado hajachanjwa. Baba yake hajakataa tena, wala hajakubali. Imani iliyovunjwa kwa neno moja la haraka hujengwa kwa hatua nyingi za polepole, nami sina haki ya kumharakisha. Nafasi bado anayo, na mlango wa zahanati u wazi.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awape wauguzi wetu nguvu na walimu wa kuwafikia, na atujalie ujasiri wa kusema "sijui" kabla ya kuulizwa juu ya yale tuliyoyasema bila kujua. Amin.